Ukuta Uliosimamishwa Kazi

Si zamani za kale, maana wengi wetu tulikuwepo na baadhi yetu makovu bado yanawasha, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Shwari. Ilikuwa nchi ya amani kuliko zote. Amani yenyewe ilikuwa na askari elfu arobaini wa kuilinda, kwa sababu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Nasi raia wake tulikuwa watu wa kupendeza: mtu akitukanyaga, tulimwomba radhi kwa kuweka mguu chini ya kiatu chake.

Mwaka mmoja fundi simu mmoja wa mtaa wa Chemchemi, kijana wa miaka ishirini na mitatu jina lake Feruzi, aliingia Kituo Kikuu cha Polisi kwa miguu yake kuuliza kwa nini jirani yake amekamatwa. Alitoka amebebwa, na shuka lilimfunika hadi usoni. Mkuu wa kituo, Kamanda Ngozoma, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba marehemu alijikwaa akagonga kichwa ukutani. Waandishi wakauliza ni hatua gani zimechukuliwa. Kamanda akavua kofia, akasema kwa uchungu kwamba serikali haimwonei haya mtu yeyote, na kwamba ukuta umesimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Sisi watu wazima tukatikisa vichwa tukasema, "Angalau hatua zimechukuliwa."

Vijana hawakusema hivyo. Waliingia barabarani siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, wakiimba jina la Feruzi. Hawakuwa na kiongozi, jambo lililoitesa sana serikali, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa ubalozi. Mwisho Waziri wa Maendeleo na Utulivu, Mheshimiwa Lumbwi, akatangaza redioni kwamba maandamano hayo yameirudisha nchi nyuma miaka ishirini. Watu wa Chemchemi walifurahi kidogo waliposikia hivyo, kwani miaka ishirini nyuma mabomba yao yalikuwa yanatoa maji.

Asubuhi iliyofuata Waziri alimwita ofisini Bwana Nuhu Kidawa.

Huyu Nuhu alikuwa Mpimaji Mwandamizi wa Maendeleo, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, kitambi cha wastani na uti wa mgongo unaokunjika bila kutoa sauti. Kwa miaka thelathini alikuwa hajawahi kutumwa kutafuta kitu akakikosa. Alipoambiwa atafute manufaa ya ukame, aliyapata: mapaa ya nyumba yalidumu zaidi. Alipotakiwa kueleza kwa nini daraja la Mto Kangaja lilianguka siku ya kuzinduliwa, aligundua kwamba halikuanguka, ila lilishuka. Nuhu alijijua vizuri. Kila asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu alijitazama kwenye kioo akajisemea, "Shikamoo, mwongo," kisha akajiitikia kwa heshima, "Marahaba."

"Nuhu," Waziri alisema, "nataka ripoti. Athari za Maandamano kwa Maendeleo ya Taifa. Siku saba. Nataka iwe nene. Mwenzangu wa Uchukuzi amesoma bungeni saa tatu na nusu bila kunywa maji, na wabunge bado wanamsifu. Mimi nataka saa nne."

"Itakuwa nene, Mheshimiwa. Na jibu lake liwe lipi?"

Waziri alimtazama kwa mapenzi. "Ndiyo sababu nakupenda. Wengine huniuliza swali."

Nyumbani, Nuhu alimkuta binti yake Zawena sebuleni akikunja bandeji. Zawena alikuwa na miaka ishirini na miwili, akisomea uuguzi, na kwa siku tatu alikuwa akirudi na damu za watu kwenye mikono ya shati lake. Nuhu hakuwahi kumuuliza. Alikuwa ameamua kwamba ni mafunzo kwa vitendo.

"Shikamoo baba. Nasikia umepewa kazi ya kutupima."

"Marahaba. Nimepewa kupima athari, mwanangu. Wewe si athari."

"Feruzi ulimjua?"

"Aliwahi kunitengenezea simu," alisema Nuhu, kisha akajuta kusema, kwa kuwa sasa marehemu alikuwa na sura.

Zawena akafunga mkoba wake. "Basi andika yako, baba. Kesho sisi tuko Chemchemi."

Mama yake Zawena, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, hakuinua macho. "Mna kazi nzuri nyote wawili," alisema. "Mmoja anafunga vidonda, mwingine anafunga macho."

Nuhu alicheka peke yake, kwa adabu, kama achekavyo mtu aliyepigwa kofi na mkubwa wake.

Kesho yake alitoka na futi yake ya chuma, ile inayojikunja ndani ya kopo, kutafuta uharibifu. Alianzia kwenye Hospitali ya Rufaa, ambayo Waziri alisema ujenzi wake umekwamishwa na vijana. Alilikuta jiwe la msingi, lililowekwa miaka kumi na minne iliyopita, likiwa limezungukwa na mihogo ya mlinzi.

"Waandamanaji walipita hapa?" alimuuliza mlinzi.

"Walipita. Mmoja alikaa juu ya jiwe akafunga kamba za viatu."

"Uharibifu!" Nuhu akaandika: *Jiwe la msingi la hospitali lilikaliwa.*

"Kisha wakaniokotea chupa zote hizi za plastiki, wakaenda zao."

Hilo hakuliandika.

Akaenda Barabara ya Ushindi, ambayo ilisemekana imechimbwa na wahuni. Kweli ilikuwa na mashimo, lakini ndani ya shimo kubwa kulikuwa na mgomba umeshazaa mara mbili. Akapima mgomba. Akakubali kwamba haukupandwa wiki hiyo. Akaandika: *Mashimo yametazamwa na waandamanaji kwa nia mbaya.*

Alipofika Chemchemi jua lilikuwa la utosi. Vijana kama mia tatu walikuwa wamekaa barabarani, wameinua picha ya Feruzi, na Zawena alikuwa pembeni na mkoba wake. Kabla Nuhu hajapata pa kujificha, likaja gari la polisi la kurushia maji. Lilikuja kwa vitisho vyote, ving'ora na taa, likafika kwenye shimo la mbele ya kinyozi, likatumbukia gurudumu la mbele, likakwama.

Dereva akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likazama zaidi. Kamanda Ngozoma akashuka, akalizunguka, akajifuta jasho. Ukimya ukawa wa aibu kwa pande zote mbili. Hatimaye kijana mmoja mrefu aitwaye Jumbe, rafiki wa marehemu, akasimama akajipangusa matako, akasema, "Jamani, tuwasukumie. Hatuwezi kukaa hivi mchana kutwa."

Wakalisukuma, vijana ishirini kwa hesabu ya Nuhu, kwa wimbo. Gari likatoka. Kamanda akawashukuru kwa uzalendo wao, akapanda, akaamuru wamwagiwe maji.

Kwa kawaida maji hayo hutiwa dawa ya kuwasha. Lakini siku hiyo bohari ilikuwa imeishiwa dawa, kwa hiyo yakatoka maji matupu, safi, ya baridi, katika mtaa ambao haukuwa umeona maji ya serikali kwa miaka miwili. Mwanzo watu walikimbia. Kisha mwanamke mmoja akatoka na ndoo. Akaja mwingine na sufuria. Kufumba na kufumbua mtaa mzima ulikuwa barabarani na madumu, mabeseni na vyombo vya harusi, na mama mmoja alikuwa amemvua nguo mtoto wake anampaka sabuni.

"Tawanyikeni!" Kamanda alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Nasema tawanyikeni!"

"Bado ndoo mbili, mwanangu!" alijibu bibi mmoja. "Elekeza huku kidogo!"

Nuhu alisimama ameduwaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini alikuwa anatazama maendeleo kwa macho yake. Mkono ukaandika wenyewe, kabla hajauzuia: *Maandamano yameleta maji Chemchemi. Lita elfu tano, kwa dakika kumi na mbili.*

Tangi likaisha. Watu wakapiga makofi, wakauliza gari litarudi lini. Hapo ndipo Kamanda alipokasirika, kwa sababu mtu mwenye rungu huvumilia kuchukiwa lakini hawezi kushukuriwa. Akapuliza filimbi. Askari wakashuka na virungu, na kicheko kikakatika kama uzi.

Nuhu alimwona binti yake akipiga magoti karibu na mama aliyepasuka paji la uso, na askari wawili wakimwinua Zawena kwa nywele. Wengi wetu tungependa kusimulia kwamba alikwenda mbio kumwokoa. Alikwenda mbio, hilo ni kweli, lakini upande wa pili, kisha akageuka, akasimama katikati ya barabara, akainua kitambulisho chake juu.

"Mimi ni wa Wizara!" alilia. "Wizara ya Maendeleo!"

"Maendeleo gani?" askari aliuliza, na hakuwa anadhihaki, alitaka kujua kweli. Nuhu alipokuwa bado anatafuta mfano, rungu likamfikia begani, na la pili mbavuni.

Kituoni waliandikishwa. Zawena aliandikiwa kosa la kumiliki bandeji bila kibali. Nuhu aliandikiwa kupatikana na silaha ya chuma yenye uwezo wa kurefuka, na futi yake ikachukuliwa iwe kidhibiti. Mahabusu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo yeye, Jumbe na wengine sita wakasukumwa katika chumba kilichofungwa kwa wiki nzima. Ukutani kulikuwa na karatasi imebandikwa: *UKUTA HUU UNACHUNGUZWA. NI MARUFUKU KUUSOGELEA, KUUPAKA RANGI AU KUZUNGUMZA NAO.*

Upande wa pili wa ukuta mwingine kulikuwa na chumba cha wanawake. Sauti ikapenya kwenye tundu la hewa.

"Baba? Ni wewe unayekohoa hivyo?"

"Ni mimi, mama yangu. Umeumia?"

"Kidogo. Na wewe umefuata nini huku?"

Nuhu akafikiri. "Nimekuja kupima," akasema. Upande wa pili wanawake wakacheka, na Zawena akacheka nao. Kicheko hicho kilimchoma kuliko mbavu.

Jumbe alikuwa ameketi akiukodolea macho ukuta wenye karatasi. "Mzee," alisema taratibu, "lile doa ni lake."

Lilikuwepo, doa la rangi ya kutu, bado halijaguswa. Askari walikuwa wametamani sana kulipaka chokaa, lakini ukuta ulikuwa umesimamishwa kazi na Kamanda mwenyewe kwa barua yenye muhuri, na mtumishi aliyesimamishwa haruhusiwi kubadilishwa sura. Sheria zetu ni kali.

Nuhu alitazama doa, akasikia vidole vyake vinawasha. Ilikuwa tabia tu, kama ya mshonaji anayeona shati limechanika. Akainuka akishika ubavu, akaanza kupima kwa shubiri kutoka sakafuni. Shubiri yake ilikuwa sentimita ishirini na mbili kamili; aliijua kama jina lake. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya tisa alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Ya kumi ikafika katikati ya doa.

"Mita mbili na sentimita ishirini," alinong'ona. "Feruzi alikuwa na kimo gani?"

"Mfupi. Akisimama nami alinifika hapa." Jumbe akagusa kidevu chake.

Nuhu akampima Jumbe mpaka kidevuni: shubiri saba na vidole viwili. Sentimita mia moja hamsini na nane. Akarudia. Akarudia tena, akiomba amekosea, kwa kuwa mtu aliyekosea hupumzika. Kisha akakaa sakafuni.

"Alijikwaa kwenda juu," alisema. Mtu wa kimo kile hafiki pale kwa kuteleza. Hafiki hata kwa kuruka. Hufika tu akinyanyuliwa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Kamanda Ngozoma mwenyewe alikuja kufungua mlango, ameshika futi ya Nuhu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Mzee wangu, tuwie radhi sana," alisema. "Vijana wangu walikosea. Walidhani wewe ni raia."

Nuhu alikuwa ameazimia kusema, "Sitoki bila binti yangu." Aliyapanga maneno hayo usiku kucha, akayapamba. Lakini alipofungua kinywa aligundua kwamba miguu imeshatoka nje, na maneno yakamfuata nyuma yakiwa yamechoka: "Na binti yangu je?"

"Hilo aulizwe Mheshimiwa."

Mheshimiwa Lumbwi alimpa kiti na juisi ya ukwaju. "Pole, Nuhu. Ripoti ikija, binti anakwenda nyumbani. Ikija ripoti nzuri, anakwenda na cheti chake cha uuguzi. Ikija nyingine..." Akanywa juisi. "Lakini wewe huniletei nyingine."

Nuhu alifanya kazi siku nne. Aliandika kurasa mia tatu na kumi ambazo mtu yeyote mwenye akili angelala ukurasa wa sita. Jiwe la msingi lilikaliwa. Mashimo yalitazamwa. Nyimbo za vijana ziliwafanya ng'ombe wa maziwa wa serikali wafikirie mambo mengine. Kila ukurasa ulisema Waziri ana haki. Ila dhamiri ya Nuhu, iliyolala miaka thelathini, ilikuwa imeamka kwa kiungulia, na haikutaka kurudi kulala. Basi akafanya kama afanyavyo mwoga mwenye elimu: akaandika ukweli, akautia kwenye kiambatisho. Kiambatisho cha Tisa, ukurasa wa mia tatu na tano, herufi ndogo, chini ya jedwali la mvua. Humo aliandika lita elfu tano za Chemchemi, na doa, na shubiri kumi, na kimo cha Feruzi, na sentensi moja: *Kwa vipimo hivi marehemu hakujikwaa, alinyanyuliwa akabamizwa.*

Alijipongeza. Ukweli ulikuwa umesemwa, na hakuna atakayeusikia. Mungu angeusoma, na Waziri asingeusoma. Zawena akaachiwa jioni ile ile, jicho moja limevimba, akamkumbatia baba yake, na Nuhu akamkumbatia kama mtu anayebeba yai la wizi.

Jumatatu Waziri alisimama bungeni. Redio zote za nchi ziliwashwa, kwa kuwa kuzizima kulikuwa kosa. Nuhu alisikiliza sebuleni na mkewe na binti yake. Kufika saa ya tatu, Mheshimiwa alikuwa amemaliza sura zote. Wabunge wakashangilia, wakidhani wameokoka. Lakini Waziri akatazama saa yake, akaona bado hajafikisha saa nne.

"Mheshimiwa Spika," alinguruma, "sasa naingia kwenye viambatisho."

Nuhu alitoka jasho kwenye kope. Alisimama, akaketi, akaenda jikoni, akarudi. "Zima redio," alimwambia mkewe.

"Kwani umeamkaje leo, bwana? Unataka tukamatwe?"

Waziri alisoma jedwali la mvua. Alisoma mvua ya kila wilaya. Kisha kwa sauti ile ile nzito, iliyofundishwa kutetemesha vioo, akasoma shubiri ya kwanza mpaka ya kumi. Wabunge walipiga meza kila alipovuta pumzi, kama ada. Walipiga meza kwa doa. Walipiga meza kwa kidevu cha Jumbe. "Kwa vipimo hivi," Waziri alinguruma, "marehemu hakujikwaa, alinyanyuliwa akabamizwa!" Wakapiga meza kwa nguvu zaidi, wakasimama, na mmoja akaomba sentensi hiyo irudiwe. Akairudia. Katikati ya marudio sauti yake ikaanza kupungua, kama gari linaloishiwa mafuta mlimani.

Sebuleni Zawena alikuwa amemgeukia baba yake. "Baba," alisema, "uliandika hivyo?"

"Niliandika," alijibu Nuhu. "Lakini kwa herufi ndogo sana."

Sasa katiba yetu ina kifungu kisemacho kwamba neno la Waziri bungeni ndilo neno la serikali, na serikali haiwezi kujikana. Kiliwekwa ili kuwanyamazisha wapinzani. Kwa wiki mbili serikali ilijitahidi kujipinga yenyewe, ikashindwa. Askari watatu wakafikishwa mahakamani. Kamanda Ngozoma akapelekwa ng'ambo kusomea haki za binadamu, akasema anatarajia somo litakuwa gumu. Waziri Lumbwi akatangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa upande wa vijana, ila alikuwa amejificha ili wasimtambue. Ukuta ukafutiwa mashtaka. Nuhu hakufukuzwa kazi, kwa maana ungekuwa ni uonevu. Alihamishiwa Kitengo cha Kupima Ukungu, kwenye kilima ambacho hakina ukungu.

Watu wakamfanya shujaa. Wakampungia mikono sokoni, kijana mmoja akamwita jemadari. Kila mara alijaribu kueleza kwamba alikuwa ameuficha ukweli, kwamba aliyeutoa ni mwenye njaa ya saa nne, lakini watu wakasema, "Mwone alivyo mnyenyekevu," wakampenda zaidi. Akarudi nyumbani akiwa amechoka kusifiwa kama mwizi aliyechoka kuaminiwa.

Alasiri moja alipanda kilimani kwake mama mmoja aliyevaa kanga nyeusi, anapumua kwa shida. Alikataa kiti kwanza.

"Ndiye wewe uliyeandika habari za mwanangu? Mimi ni Mwantumu. Mama yake Feruzi."

Nuhu akasimama. Alitafuta maneno ya rambirambi, akapata yale ya ofisini, akayatupa. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa huenda walikuwa marika.

"Marahaba. Nimesomewa ripoti yako. Nimeomba nisomewe mara mbili." Alifungua pindo la kanga akatoa ukanda wa kitambaa, ule wa washonaji, uliofifia namba. "Umemwandika mia moja hamsini na nane."

"Ndiyo, mama. Nilimpima kwa kidevu cha rafiki yake. Sikuwa na..."

"Alikuwa mia moja na sitini. Nilikuwa namshonea kila Idi, najua. Ya mwaka huu suruali nilikuwa nimeshaikata." Alimnyooshea ule ukanda ashike, aone mwenyewe alama aliyotia kwa uzi mwekundu. "Wameshampunguza sana. Wewe usimpunguze."

Nuhu alishika ukanda kwa mikono miwili, akaangalia uzi mwekundu. Mizaha yote aliyokuwa amejifunza kujifichia ilimkimbia kwa wakati mmoja. Akaenda kabatini, akatoa nakala yake ya ripoti, akafungua ukurasa wa mia tatu na tano. Akakata namba ya zamani kwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka, akaandika mia moja na sitini juu yake, kwa herufi kubwa. Akatia sahihi pembeni, na tarehe.

"Iko sawa hivyo, mama?"

Mwantumu aliinama, akaifuata namba kwa kidole, polepole.

"Iko sawa," alisema. Kisha akavuta kiti, akaketi.